Matundu Kumi ya Mheshimiwa

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yako. Kama unaiona, basi mchora ramani alikosea, na mimi usiniingize kwenye kesi hiyo. Mimi ni karani wa Idara ya Itifaki, daraja la tatu, mtu ninayeipenda serikali yangu. Nitaeleza yaliyotokea bila kuongeza chumvi, kwa sababu wakubwa zangu walishaiweka ya kutosha.

Katika mji mdogo wa Mabwe palikuwa na ghala la pamba lililoachwa siku nyingi. Humo Mwalimu Filemoni Sengasu, mstaafu aliyefundisha hisabati mpaka chaki ikamharibu kifua, alianzisha klabu ya kulenga shabaha kwa bunduki za upepo. Bunduki ya upepo, kwa asiyeijua, unaikunja katikati ili kubana hewa, unaweka kirisasi kidogo mithili ya punje ya dengu, ukifyatua inasema "puu". Haina baruti. Njiwa akipigwa anakufa, mtu akipigwa anakasirika. Klabu ilikuwa na bunduki sita na wanachama kumi na wanane, na kila Jumamosi mchana walipiga karatasi zilizochorwa duara, kutoka mita kumi, mmoja baada ya mwingine, bila hotuba.

Walikuwa na desturi moja ambayo Mwalimu aliitunga mwenyewe. Hakukuwa na refa. Ukimaliza kupiga, karatasi yako anaisoma mpinzani wako. Anaiinua kuelekea dirishani, anahesabu nuru zinazopenya kwenye matundu, anazitaja kwa sauti, kisha anatia sahihi. Na wewe unaisoma yake vilevile. Mwalimu alisema mtu anayekutaka ushindwe ndiye anayefaa kusema umepata ngapi, maana akikupa kumi hakuna atakayebisha. Kwa miaka sita hawakugombana hata siku moja, jambo ambalo baadaye Wizara ililiona la kutia shaka.

Aliyekuwa akipata kumi mara nyingi ni Mwashamba, fundi cherehani wa mtaa wa soko, mama wa miaka arobaini na mmoja. Alikuwa na mkono uliotulia na tabia ya kutoongea anapofanya kazi. Matundu yake kumi ungeweza kuyafunika kwa kizibo cha soda. Lakini mwaka ule alianza kuona ukungu kwenye jicho la kulia, ambalo ndilo la kulengea. Mganga wa zahanati alimwambia ni mtoto wa jicho, na kwamba amebakiwa na mwaka mmoja wa kuona vizuri, labda pungufu. Upasuaji ulikuwepo, ila ulifanyika katika hospitali moja tu ya mji mkuu, na hospitali hiyo ilipokea macho ya wakubwa.

Mwaka huohuo nchi jirani ikatangaza mashindano ya kanda, na kila nchi ilialikwa kupeleka mpigaji mmoja, bingwa wake. Mwashamba alimwambia Mwalimu, "Mwalimu, mimi nataka kwenda mwaka huu. Mwakani sitaliona hilo duara." Kisha akarudi kushona.

Basi Mwalimu akafanya kosa ambalo watu wema hulifanya mara moja tu maishani. Aliiandikia barua serikali kuomba isaidie kuukuza mchezo.

*

Serikali ilisaidia. Barua ilifika kwa Mheshimiwa Nestori Makwega, Waziri wa Vijana, Shabaha na Mambo Yanayofanana na Hayo. Neno Shabaha liliongezwa siku hiyohiyo. Mheshimiwa alitoa hotuba ya saa mbili akisema kwamba taifa lisilolenga haliwezi kupiga, na kwamba taifa linalopiga bila kulenga ni hatari, na kwamba yeye binafsi amekuwa akilenga tangu utotoni. Akaagiza ndani ya siku thelathini kila kata iwe na klabu.

Siku ya ishirini na tisa zilikuwepo klabu mia nne na kumi na mbili. Kila klabu ilikuwa na mwenyekiti, makamu mwenyekiti, mlezi, wimbo na sare. Bunduki hazikuwepo. Bunduki za nchi nzima zilikuwa zilezile sita za ghala la pamba, na Wizara ilichukua nne kwa ajili ya kuzinduliwa. Zilizunguka mikoani kwenye gari lenye bendera, zikizinduliwa asubuhi hapa na alasiri kule, na wananchi walipanga mstari kuzigusa. Mwalimu alipoandika kuuliza zitarudi lini, alijibiwa kwamba mchezo unakua kwa kasi kubwa na asiwe kikwazo.

Sasa nifike kwenye sehemu inayonihusu mimi, na ninaomba uisome kwa huruma.

Mashindano ya taifa yalipangwa kufanyika katika uwanja mkuu, na Itifaki tukapewa jukumu la kupanga viti. Mwongozo wetu, kifungu cha kumi na nne, unasema wazi kwamba hakuna mtumbuizaji atakayempa mgeni rasmi kisogo. Kwaya humtazama mgeni rasmi, na gwaride, ngoma na halaiki ni hivyohivyo. Nikaandika kwa mkono wangu, kwa wino mweusi, kwamba wapigaji shabaha nao watamtazama mgeni rasmi. Mkuu wangu akasifu barua hiyo. Jukwaa kuu likajengwa, lenye zulia na mapazia, mita tano nyuma ya karatasi za shabaha.

Siku nne kabla ya mashindano, askari mmoja aliyetumwa kukagua uwanja alisimama mahali pa wapigaji, akanyoosha kidole kuelekea kwenye karatasi, akakuta kidole chake kinaelekea kwenye kiti cha Mheshimiwa. Akakirudisha mfukoni haraka na kutoa taarifa.

Kamati ilikaa siku tatu. Mmoja alipendekeza jukwaa lihamishwe, akaulizwa kama anataka wapigaji wampe Mheshimiwa kisogo, akaomba radhi na kukaa. Mwingine alipendekeza wageni wavae kofia za chuma, lakini wake za wakubwa walikuwa tayari na vilemba vyao. Mwingine akashauri wapigaji wamtazame Mheshimiwa huku wakipiga nyuma kupitia juu ya bega kwa kutumia kioo. Hilo lilijaribiwa kwa bidii. Mbuzi wa mlinzi wa uwanja alipigwa pajani, na hoja ikaondolewa.

Hatimaye mwenyekiti akasema, "Ndugu wajumbe, tuangalie chanzo. Hatari haitokani na jukwaa, wala haitokani na bunduki. Inatokana na hivi virisasi."

Ukumbi wote ulipiga makofi. Iliamuliwa kwamba mashindano ya taifa yafanyike bila risasi. Mpigaji atakunja bunduki, atalenga, atafyatua, itasema "puu", na kamati itatoa alama kwa kuzingatia mkao, heshima na nia. Mwalimu Sengasu aliinuka nyuma ya ukumbi akauliza, "Na matundu je, waheshimiwa?" Mwenyekiti alimjibu kwamba matundu yatapatikana kwa mujibu wa utaratibu.

*

Siku ya mashindano uwanja ulijaa. Jukwaani waligawa sambusa. Wapigaji wa klabu mia nne na kumi na mbili walipita mbele, wengi wakiwa wameshika bunduki kama mtu aliyeshika mwavuli wa mwenziwe, wakasema "puu" zao wakaondoka. Mwashamba alifika fainali kwa sababu mbili. Alijua kushika bunduki, na kamati ilitaka mwanamke mmoja kwenye picha.

Wa kupambana naye hakujulikana mpaka Mheshimiwa Makwega, ambaye ndiye aliyekuwa mgeni rasmi, alipoinuka kitini akatangaza kwamba ameguswa sana na hali ya uwanja na angependa kushiriki kama mwananchi wa kawaida. Waliobaki kwenye nusu fainali wakaumwa matumbo wote kwa pamoja. Mheshimiwa akashuka, akaigusa karatasi yake kuipima ubora, akachukua bunduki. Mtu angedhani sasa jukwaa ni tupu na risasi zingeweza kurudishwa. Hapana. Kiti cha Mheshimiwa kilibaki pale, na kifungu cha kumi na tano kinakipa kiti cha waziri heshima ya waziri.

Walipiga kumi kwa kumi. Puu, puu. Nilimtazama Mwashamba. Alikunja ile bunduki tupu kwa uangalifu uleule wa kwenye ghala, akavuta pumzi, akatulia, akafyatua hewa. Mara kumi. Sijui kwa nini lilinikera.

Ikafika kusoma. Kanuni tulizopeleka nchi jirani zilikuwa zile za Mwalimu, zilizonakiliwa neno kwa neno kwa sababu Wizarani hakuna aliyejua nyingine, na nchi jirani ilizikubali. Bila sahihi ya mpinzani, karatasi haihesabiki. Mheshimiwa akaiinua karatasi ya Mwashamba kwenye jua, akaitazama kwa ukarimu, akasema, "Nane." Watu wakashangilia upole wake. Akatia sahihi.

Mwashamba akaiinua karatasi ya Mheshimiwa. Akaisogeza kulia, akaisogeza kushoto. Akaishusha.

"Haina tundu," akasema.

Mshereheshaji akacheka kidogo kwenye kipaza sauti. "Mama, hatukukusikia vizuri. Rudia."

"Haina tundu. Na yangu haina. Tumepewa bunduki tupu."

Mtu mmoja aliyekuwa anatafuna sambusa jukwaani aliacha kutafuna. Nilitumwa mimi nikamweleze. Nilimkuta amesimama na karatasi mkononi, nikampa kalamu yangu na kumnong'oneza kwamba akiandika kumi atakuwa mshindi wa pili, na mshindi wa pili atasafiri na msafara kama mbeba bunduki wa Mheshimiwa, na huko kwa wenzetu nani ajuaye, huenda wakamruhusu kupiga kidogo.

"Karani," akaniambia, "unajua macho yangu?"

"Najua, mama. Ndiyo maana nakushauri."

"Miaka sita nawasomea wenzangu, nao wananisomea. Leo nikimwandikia huyu kumi ambazo hazipo, zile kumi zangu zilizopo nani atazisadiki?"

Akanirudishia kalamu. Ilikuwa kalamu nzuri ya serikali.

*

Wizara haikukosa jibu. Fomu ya Mwashamba ya kujiandikisha mashindanoni ilikuwa na cheti cha zahanati, na jioni hiyo redio ikaeleza kwa masikitiko kwamba mama huyu ni mgonjwa wa macho, haoni, na kwa hiyo hakuweza kuyaona matundu kumi ya Mheshimiwa ambayo wote wenye macho mazima waliyaona. Wajumbe wa kamati waliitwa mmoja mmoja kuiinua karatasi ile. Wote walihesabu kumi. Mmoja, kwa bidii, alihesabu kumi na moja, akarekebishwa.

Na mimi niliitwa. Nilihesabu kumi.

Tatizo likabaki ni sahihi. Nchi jirani iliandika kwamba sahihi inayotakiwa ni ya mpinzani, si ya kamati, wala si ya wale wazee wa mila tuliowaongeza. Ndipo Mheshimiwa akapata wazo ambalo lilimfanya asifiwe kwa wiki nzima. Kama mama haoni, serikali inayojali watu wake itamfanya aone. Mwashamba akachukuliwa kwa gari la Wizara, akalazwa katika ile hospitali ya macho ya wakubwa, akapasuliwa na daktari bingwa aliyekatishwa likizo. Alilishwa supu ya kuku siku kumi na nne. Kila siku redio ilitangaza hali ya jicho lake baada ya taarifa ya mvua.

Siku ya kumi na tano waandishi wa habari walikusanywa. Mheshimiwa alikaa mbele. Daktari alithibitisha kwamba jicho limepona kabisa, na pengine sasa ndilo jicho zima kuliko yote nchini. Karatasi ikaletwa kwenye bahasha. Mwashamba akaiinua kuelekea dirishani, kama walivyofanya ghalani.

"Asanteni sana," alisema. "Namshukuru Mheshimiwa, namshukuru na daktari. Mwanzoni nilikuwa naona ukungu, hata nilikuwa na wasiwasi kidogo moyoni kwamba huenda nimemdhulumu mtu. Sasa naona mpaka nyuzi za karatasi." Akaisogeza karibu zaidi. "Haina tundu. Hapa pembeni kuna alama ya kidole yenye mafuta. Itakuwa ya sambusa."

Mheshimiwa akautazama mkono wake. Tuliokuwepo sote tukautazama ukuta.

Daktari bingwa alihamishiwa wilaya ya mbali ambako alipewa kazi ya kuchanja ng'ombe. Hospitali ikafungwa hadi ithibitike kwamba wagonjwa wanaotoka pale wanaona inavyotakiwa. Na bunge, katika kikao cha dakika ishirini, likapitisha Sheria ya Afya ya Macho. Tangu hapo mwananchi yeyote anayetaka kibali, leseni au hati ya kusafiria anapimwa macho kwa karatasi ya Mheshimiwa. Akihesabu kumi, macho ni mazima. Nilipewa cheti namba tatu, muhuri, na cheo kipya cha Msomaji Mkuu.

*

Wakati sisi tukitunga sheria, Mwalimu Sengasu alikuwa amenunua stempu. Alichukua karatasi moja ya Mwashamba ya ghalani, yenye matundu kumi ndani ya kizibo cha soda na sahihi yake mwenyewe Mwalimu, ambaye ndiye aliyeshindwa siku hiyo, akaituma nchi jirani. Barua ya mwaliko ilirudi ikiwa na jina la Mwashamba. Kilichobaki ni hati ya kusafiria. Na hati ya kusafiria, kama nilivyosema, ilihitaji muhuri wangu.

Sikuwa na habari hizo nilipoingia kibandani kwa Mwashamba asubuhi moja na koti langu. Nilikuwa nimeletewa beji ya kitambaa yenye maneno Msomaji Mkuu na picha ya jicho, na nilitaka ishonwe kifuani. Nilikuwa Mabwe kwa kazi ya kupima watu macho, na fundi mwingine hakuwepo.

Hakuninunia. Alilipokea koti, akaiweka beji mahali pake, akachagua uzi. Kisha akanipa sindano.

"Nitungie, karani. Wewe ndiye mwenye cheti."

Nilidhani anatania, nikachukua. Nililamba uzi, nikaulenga, ukapita kando. Nikageukia mlangoni penye mwanga, ukapita kando tena. Mara ya nne nilijichoma kidole. Mara ya saba niliona aibu, na ninakiri kwamba katika miaka yangu kumi na minane ya utumishi wa umma hicho kilikuwa kitu kigeni kwangu. Mwashamba hakucheka. Alichukua sindano, akatunga mara moja, akaanza kushona beji ya macho yangu mazuri.

Alipomaliza aliniwekea koti mezani, na juu ya koti akaweka fomu yake.

"Shilingi sitaki," alisema. "Nisomee tu kilichopo."

Fomu ile ina sehemu mbili. Ya kwanza inauliza mwombaji amehesabu matundu mangapi. Ya pili inauliza hali ya macho yake. Nilikaa kwenye stuli ya wateja, kidole kikiuma. Kwenye sehemu ya kwanza niliandika sifuri. Kwenye ya pili niliandika mazima. Nikagonga muhuri. Katika nchi yetu hakuna anayesoma fomu. Wanatafuta muhuri tu, na muhuri ulikuwepo, umekolea vizuri.

Mwashamba alikwenda. Alipiga risasi za kweli, na wageni rasmi walikaa nyuma ya wapigaji, wakiangalia visogo vyao bila kufa. Karatasi yake ilisomwa na mpinzani kutoka nchi nyingine, aliyeiinua, akahesabu, akaguna, akatia sahihi. Mwashamba alikuwa wa nne kati ya thelathini na mmoja. Redio yetu ilitangaza kwamba Mheshimiwa Makwega ameliongoza taifa kushika nafasi ya nne, na Mheshimiwa alikwenda uwanja wa ndege kujipokea.

Fomu yangu iligunduliwa wiki iliyofuata, na mtu aliyekuwa anatafuta karatasi ya kufungia karanga. Niliitwa mbele ya kamati yote, nikiwa na koti langu na beji yangu. Hawakunifokea. Mwenyekiti alisema kwa upole kwamba huenda ni uchovu wa macho, na kwamba jambo hili linaweza kuishia hapohapo. Akatoa karatasi kwenye bahasha, akanipa, akaniuliza naona matundu mangapi.

Niliiinua kwenye dirisha. Nilikuwa nimeshaisoma mara nyingi, lakini sikuwa nimewahi kuiangalia. Niliiangalia muda mrefu, mpaka wakaanza kukohoa.

"Waheshimiwa," nikasema, "hapa pembeni naona alama ya sambusa."